Maneno Ambayo Mheshimiwa Hakuyasema

Tulimzika Mheshimiwa Lubandi huko Budondo mwezi wa pili mwaka huu, kando ya kahawa alizopanda baba yake, na mvua ikasubiri mpaka jeneza likashushwa. Nilikaa nyuma kabisa, chini ya turubai la tatu, pamoja na watu ambao hawakuwekewa kiti chenye jina. Waliongea wengi. Mbunge mmoja kijana, ambaye sidhani alikuwa ameanza shule wakati ule ninaotaka kuusimulia, alikunjua karatasi akasema atasoma maneno ambayo marehemu aliyatoa Bungeni kuhusu wajane wa askari, ili tujue tunamzika mtu wa namna gani. Akasoma: mjane asitolewe katika nyumba ya serikali kabla watoto wake hawajamaliza mwaka wa shule, na kama atatolewa, mimi mwenyewe nitakwenda kusimama mlangoni pake. Watu wakapiga makofi, jambo ambalo si la kawaida msibani. Mama aliyekaa pembeni yangu aliniuliza kama nilimfahamu marehemu. Nikamjibu kwamba niliwahi kumfanyia kazi mwaka mmoja. Sikumwambia kwamba maneno yale yalitoka kwanza kinywani mwangu mimi, katika chumba cha nyuma cha hoteli moja mjini Mbale, wiki nne kabla yeye hajayasema, na kwamba siku nilipoyatamka yalikuwa uongo.

Ulikuwa mwaka uliofuata uchaguzi, katikati ya miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimemaliza kozi ya uchapaji, na nilikuwa na kitu kimoja ambacho wasichana wengine wa Jinja waliojua kupiga taipu hawakuwa nacho: Kiswahili. Nilikipata wapi ni habari ndefu. Itoshe kusema nililelewa katika kambi ya askari, na kambini hicho ndicho tulichokuwa tukiitia watoto, tukigombania bomba la maji na kuzikia wafu. Mjini watu walikiogopa. Ukimsemesha mwanamke wa sokoni kwa Kiswahili alikutazama mkononi kwanza, aone kama umeshika kitu, kwa sababu miaka mingi lugha ile ilimfikia pamoja na bunduki. Mheshimiwa mwenyewe alikijua vibaya. Alikuwa mwalimu mkuu kabla ya kuwa mbunge, mtu mwembamba wa miwani minene, na ofisi yake ilikuwa ghorofani juu ya duka la misumari na mabati, katika mojawapo ya zile nyumba kuukuu za Wahindi zenye roshani ya mbao. Ngazi zililia kila ukikanyaga, kwa hiyo hakuna mtu aliyewahi kutufikia kwa siri. Saa saba mchana mkewe alituletea viazi vitamu kutoka Budondo vikiwa vimefungwa kwenye jani la mgomba, bado vinatoa mvuke, na mchuzi wa karanga kwenye chupa ya chai. Tulikula kimya, yeye upande wake wa meza, mimi upande wa taipureta, na chini yetu tulisikia wateja wa misumari wakimzungumzia. “Yule mzee wa maswali yuko juu?” mmoja aliuliza siku moja. Mwingine akamjibu, “Yuko. Anauliza viazi kwa nini ni vitamu.” Mheshimiwa aliendelea kutafuna kana kwamba wanamsema mtu wa wilaya nyingine.

Waliomwita mzee wa maswali hawakukosea. Vyama wakati ule vilikuwa na majina lakini havikuruhusiwa kufanya mikutano, kwa hiyo mtu wa upinzani alisimama Bungeni kama mtu aliyesimama peke yake uwanjani, na Mheshimiwa aliamua kwamba silaha yake ni kutokosea. Hakumtukana waziri yeyote. Alimwomba aeleze. Kila mchango wake ulipotoka katika hansadi, kile kitabu cha kumbukumbu za mijadala ya Bunge, alikisoma na kalamu nyekundu mkononi, na akikuta wameweka mkato mahali pasipo pake alimwandikia karani wa Bunge barua. Mimi nilizichapa barua hizo. “Akello,” aliniambia wiki yangu ya kwanza, “mtu wa upande wa serikali akikosea neno, limeharibika neno. Mimi nikikosea neno, nimeharibika mimi.” Nilidhani anajigamba. Nilikuwa msichana mwenye haraka, na nilipochapa michango yake, yote *naomba kufahamishwa* na *kama itampendeza Mheshimiwa Waziri*, nilitamani siku moja apige meza.

Barua ya Mbale ilikuja mwezi wa saba. Iliandikwa kwa penseli, kwa Kiswahili, na ilitiwa alama za vidole kumi na saba. Waliotuma walikuwa wajane wa askari waliokaa katika kambi moja ya huko. Askari wa idara gani sitasema, kwa sababu watoto wao wengine wako kazini mpaka leo. Mume akifa, waliandika, mjane alipewa siku thelathini kutoka siku ya maziko, kisha chumba kilichukuliwa. Walishamwandikia mbunge wao wenyewe, hakujibu. Walisikia kwamba Jinja kuna mzee anayeuliza maswali. Mheshimiwa alinitaka nimsomee barua mara mbili, akafunga macho mara ya pili. Siku chache baadaye alikwenda Kampala akauliza, na hansadi ilipotoka alinipa nakala niwapelekee na kuwasomea kwa lugha yao. “Neno kwa neno,” alisema.

Nilifikia kwa Mama Nafula, mwanamke wa Kenya aliyekuwa na hoteli upande wa viwanda, palipokuwa panalala malori ya njia ya mpakani. Mbele aliwapikia madereva. Nyuma kulikuwa na chumba cha magunia chenye dirisha moja lililotazama mlima wa Wanale, na siku hiyo magunia yalisukumwa ukutani, wanawake wakakaa juu yake na chini. Mama Nafula alikuwa ameweka sufuria ya malewa katikati, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, na harufu ya moshi ule ilijaa kwenye nguo zetu zote. Nilisimama nikasoma. Hansadi ilisema Mheshimiwa Lubandi aliomba kufahamishwa kama wizara inao utaratibu wowote kuhusu makazi ya wajane wa watumishi, na kama upo, uwasilishwe mbele ya Bunge. Waziri alijibu kwamba suala hilo linashughulikiwa. Nilisoma neno kwa neno, kama nilivyoambiwa. Nilipomaliza hakuna aliyenyoosha mkono kwenye sufuria.

“Ni hiyo tu?” aliuliza mwanamke mmoja karibu na mlango. Alikuwa mrefu, mwenye kitambaa cheusi kichwani, mtoto amelala mapajani. Huyo alikuwa Mama Okiror. Mumewe, koplo, alikuwa amezikwa kwao Soroti siku kumi na moja kabla.

Nilimtazama, nikatazama karatasi. Nimejiuliza maisha yangu yote ni nini kilichonipata. Sikutaka kuwadanganya. Nilitaka tu ile karatasi iwe imetosha safari yao ya kuja. “Kuna na nyingine,” nikasema, na macho yangu yalikuwa bado kwenye mistari ya Kiingereza kana kwamba nasoma. “Mheshimiwa amesema, mjane asitolewe kabla watoto hawajamaliza mwaka wa shule. Na akitolewa, amesema yeye mwenyewe atakuja kusimama mlangoni.”

Chumba kilipumua. Mmoja akacheka, mwingine akajipangusa macho kwa ncha ya kanga, na mikono ikaanza kwenda kwenye sufuria. Mama Okiror hakucheka. Aliniangalia, akasema polepole, “Rudia hiyo ya mwisho.” Nikarudia. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeweka kitu mahali asisahau.

Nilirudi Jinja nikijiambia kwamba maneno hayaozi wala hayana miguu. Wiki tatu baadaye nilipeleka nakala nyingine ya hansadi, na Mama Nafula alinipokea mlangoni bila salamu. “Umeskia?” alisema. “Mama Okiror amekataa kutoka. Siku zake ziliisha Ijumaa. Amewaambia Bunge limesema watoto wamalize mwaka. Wale wenzake wamekaa kwa mlango wake toka asubuhi mpaka jioni, hawataki kubanduka.” Nikakaa kwenye benchi. Kabla chai haijaletwa aliingia mtu wa sare, akavua kofia, akamwomba Mama Nafula amwonyeshe msichana wa Jinja.

Alikuwa Afande Otim, msimamizi wa nyumba za kambi ile. Nilijiandaa kwa mtu wa kupiga kelele na nikapata mtu aliyechoka, mwenye mvi mbili tatu juu ya masikio, aliyevuta kiti na kukaa mbele yangu kama anayekuja kunitibu. Aliposikia jina langu alijua natoka upande wake wa kaskazini, akaniita dada. Akatoa mfukoni hansadi, ile ile, akaiweka mezani katikati ya makombo ya chapati.

“Dada yangu, mimi nilitafuta hii mpaka Kampala,” alisema. “Mimi nasoma Kiingereza. Nimesoma hii karatasi mara tatu. Nionyeshe mstari.”

Redio ya Mama Nafula ilikuwa inatangaza bei za pamba.

“Niko na askari kijana,” akaendelea, bado kwa sauti ya chini. “Juzi ametoka mafunzo. Bibi yake iko na mimba ya miezi nane, wao nalala kwa stoo ya majembe. Hiyo chumba ni yake. Mimi si mtu mbaya. Lakini kama Bunge imesema, mimi nitasimama. Kama Bunge haijasema, Jumatatu nitatoa huyo mama, na ile wanawake yote pale mlangoni nitaandika majina yao. Na huyo mzee yako, atajibu kwa nini anachochea watu ya kambi. Hiyo ni kesi kubwa, dada. Sasa nionyeshe.”

“Haupo,” nikasema.

“Nani alisema, basi?”

“Mimi.”

Alikunja karatasi akairudisha mfukoni. Nafikiri alikuwa ametegemea nibishane. “Leta barua ya mzee wako,” alisema akisimama. “Aandike kwamba yeye hajasema. Ikifika kabla ya Jumatatu, mimi nitamaliza hii mambo bila kuandika jina ya mtu. Hata yako.”

Siku iliyofuata nilipanda zile ngazi za Jinja zikinililia moja moja. Mheshimiwa alikuwa anamenya kiazi. Nilimweleza nikiwa nimesimama, kuanzia swali la Mama Okiror mpaka kofia ya Afande Otim, na sikuacha kitu. Nilipofika kwenye maneno yenyewe aliweka kiazi chini. Akaniomba niyarudie. Niliyarudia kwa Kiswahili, akaniomba kwa Kiingereza, nikayatafsiri, na akayaandika kwa ile kalamu nyekundu.

“Umeniwekea maneno mdomoni,” alisema. Hakupaza sauti. “Mimi nimekaa mle ndani mwaka mzima wakinitafutia neno moja. Moja tu. Na wewe umewapa mawili, kambini, mbele ya watu wenye sare.” Aliniamuru nikae nichape barua. Aliitamka taratibu, na kila mstari ulikuwa kweli tupu: kwamba hakusema maneno hayo Bungeni wala kwingineko, kwamba yaliongezwa na mfanyakazi wake bila idhini. Niliharibu karatasi mbili. Ya tatu ilitoka safi. Aliisoma, akafungua kalamu ya wino, akaishika juu ya mahali pa sahihi, na hapo akakaa. Chini dukani mtu alikuwa anahesabiwa misumari, na nilisikia ikianguka kwenye sahani ya mizani.

“Huyo mama ana watoto wangapi?” aliuliza.

“Wanne. Mkubwa anafanya mtihani wa darasa la saba mwaka huu.”

“Kama ningeyasema haya,” alisema, akigusa ile karatasi ya kalamu nyekundu, “lingekuwa kosa gani?” Sikujua kama ananiuliza mimi. Aliniambia niende nyumbani. Barua aliitia sahihi, niliona, lakini hakunipa mimi niipeleke. Aliiweka kwenye mfuko wa koti lake.

Jumatatu tulifika Mbale pamoja, jua likiwa limeshapanda. Laini, kama tulivyoziita zile safu ndefu za vyumba vya askari, zilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kuona kambi yoyote ikiwa kimya mchana. Wanawake kama kumi na watano walikaa chini mbele ya chumba cha mwisho. Askari sita walisimama mbali kidogo, wakitazama viatu vyao, kwa sababu baadhi yao waliwaita wale wanawake shangazi. Kupitia mlango niliona kitanda, pazia la kugawa chumba, na daftari za shule zilizopangwa juu ya sanduku. Afande Otim alimpigia Mheshimiwa saluti. Mheshimiwa akampa ile barua, akaisoma, akaitikia. Nilisogea mbele nitafsiri, kama kazi yangu ilivyokuwa. Mheshimiwa akaninyooshea kiganja nikae.

“Hapana wewe,” alisema. Kisha akawageukia wanawake, akavua miwani, na akasema kwa Kiswahili chake mwenyewe, ambacho sikuwahi kumsikia akikitumia mbele ya watu. “Mama zangu. Mimi hapana sema ile maneno. Pale Bunge mimi nauliza swali tu. Ile maneno ya mwaka ya shule, ile ya kusimama kwa mlango, Akello ndiye nasema. Huyu.” Akanionyesha. “Yeye nadanganya nyinyi.”

Uso wangu ulikuwa unawaka na sikuwa na mahali pa kuupeleka. Niliona askari mmoja kijana, nadhani ndiye yule wa stoo, akinitazama kwa huruma, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

“Sasa?” aliuliza mwanamke mmoja mzee.

Mheshimiwa alipangusa miwani kwa shati, akaivaa. “Sasa mimi nafikiri siku tatu. Ile maneno ni ya uongo, lakini ni mazuri. Basi leo mimi nasema hapa, na kesho kutwa mimi nasema kule.” Akapita katikati yao, akafika mlangoni kwa Mama Okiror, akageuka, akasimama. Mikono yake ilining'inia kama ya mwanafunzi aliyeadhibiwa. Akamwambia Afande Otim kwa Kiingereza, nami nilisikia, kwamba barua aliyompa ni ya kweli na aitunze, na kwamba kuanzia dakika ile imepitwa.

Afande Otim alikuwa na amri, alikuwa na watu sita, na mbele yake alikuwa na mzee wa kilo hamsini ambaye kumgusa kungeandikwa kila mahali. “Mheshimiwa, utachoka,” alisema mwishowe.

“Nilikuwa mwalimu,” Mheshimiwa alijibu. “Nimesimama miaka ishirini na miwili.”

Alisimama mpaka saa kumi. Mama Okiror alimletea stuli, akaikataa. Alimletea maji, akanywa. Saa kumi Afande Otim alirudi kutoka ofisini, akasema wakubwa wake wamempa ruhusa asubiri mpaka Bunge lizungumze. Mheshimiwa alipojaribu kutembea goti moja lilikataa, na yule askari kijana ndiye aliyemshika mkono.

Hansadi ya mjadala ule ninayo mpaka leo. Imejaa makelele: *mbunge akatizwa*, *vicheko*, *mbunge atakiwa akae*. Mmoja alimuuliza kama amehamia kuwa baunsa wa kambi. Waziri alisema kwamba mchango wa Mheshimiwa unakaribia uchochezi. Yeye aliendelea, na maneno yale mawili yamo, safi, bila mkato uliopotea. Hoja yenyewe haikupita. Ila kambi ile ililetewa barua kwamba wajane waliokuwa ndani wangoje mpaka shule zifungwe, mwaka huo tu. Wengine, wa kambi nyingine, walitoka kama kawaida. Miezi miwili baadaye alihojiwa na polisi siku nzima juu ya kuchochea watumishi wa serikali, na kitu pekee kilichomtoa kilikuwa ile barua aliyoitia sahihi, ambayo Afande Otim aliitoa kwenye faili mwenyewe akaenda kuionyesha.

Wiki iliyofuata mahojiano hayo Mheshimiwa aliniachisha kazi. Alinikaribisha viazi kwanza. “Ulichofanya kilimsaidia yule mama,” alisema. “Na siwezi kukaa na mtu anayeweza kukifanya tena.” Sikumwomba abadili nia. Kwa miaka ishirini na sita baada ya hapo nilikuwa mkalimani wa mahakama, na kila asubuhi nilipoapa kutafsiri bila kuongeza wala kupunguza, niliona mikono yake ikining'inia pale mlangoni. Mara nyingi shahidi alisema neno dogo lililokuwa linamwangamiza, na mimi nikijua neno lingine kubwa zaidi ambalo lingemwokoa, nami nikalitoa lile dogo kama lilivyo. Sina hakika mpaka leo kama hiyo ni sifa.

Mwezi wa kumi na mbili, shule zilipofungwa, nilikwenda Mbale kwa gharama yangu mwenyewe. Mke wa yule askari kijana alikuwa tayari anafagia chumba, mtoto mgongoni, na Mama Okiror alikuwa amekaa nje juu ya sanduku, akingoja gari la Soroti. Mwanawe mkubwa alikuwa amemaliza mtihani wote. Niliinama nikamwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njia nzima: kwamba nilimfanya asimame mbele ya askari na watoto wake akiwa ameshika kitu ambacho hakikuwepo.

Alinisogezea nafasi kwenye sanduku nikae. “Wewe mtoto,” alisema, “mimi nilijua siku ile ile.”

Nikamuuliza alijuaje.

“Ile ya kwanza, ya kuomba kujulishwa, ndiyo ya mbunge. Hiyo ya pili, ya kusimama kwa mlango, mbunge atajua wapi? Hiyo ni mtu ya kambi anasema. Mtu ameshaona vitu ya mama yake wanatupa nje.” Alinitazama, akaona amegusa, akaacha hapo. “Ndiyo maana nilikwambia urudie. Nilitaka nishike vizuri, nikiisema kwa Afande isikwame.”